Jino limegongwa halihisi baridi, je neva imekufa?

Pole sana mkuu. Kama nimekuelewa, jino la mbele liligongwa wiki 3 zilizopita, halijavunjika, ila ukinywa maji ya baridi halisikii kitu na unaogopa kwamba limeshakufa. Usikimbilie kung'oa! Langu lilikaa karibu miezi 2 likiwa ganzi hivyohivyo halafu likarudi lenyewe, neva ikishtuka inaweza kunyamaza hata miezi 3 wakati damu bado inapita ndani.

Na hiyo neva kazi yake sio kuuma tu. Jino likiumia inatoa kemikali zinazotanua mishipa ya damu na kuita seli za kinga, na pembeni ya kiini (sehemu laini ya ndani yenye neva na damu) kuna seli zinazojenga dentini (tabaka gumu la ndani ya jino) mpya kama ukuta wa kujikinga, kwa wanyama meno yaliyokatwa neva yalionekana kuharibika zaidi yakijeruhiwa. Enameli, lile gamba gumu la nje, ndo hairudi kabisa, hapo usidanganywe na mtu.

Kwa sasa tafunia upande mwingine, piga mswaki taratibu, wala usilijaribu kwa barafu kila siku (mimi nilifanya huo ujinga). Nenda kwa daktari wa meno apige eksirei na alipime tena baadaye, maana kipimo kimoja hakitoshi.

Ila ukiona linageuka kijivu, kipele chenye usaha kwenye fizi, uvimbe au maumivu ya kukuamsha usiku, usisubiri tarehe ya miadi, nenda siku hiyohiyo. Una umri gani? Jino changa ambalo ncha ya mzizi haijafunga lina nafasi kubwa zaidi ya kupona.