Bakteria wa tope jeusi la Mediterania: wazima au mabaki?

Umeuliza kama bakteria waliokutwa kwenye mashapo ya kale chini ya Mediterania ni wazima au ni mabaki tu. Wazima, ila wanaishi kwa kujibana mno.

Ndani ya mashapo hayo, yaani tope lililotuama chini ya bahari, mna matabaka meusi yaitwayo sapropeli. La karibuni zaidi lilianza kutuama miaka kama 10,000 iliyopita, wakati monsuni (pepo za msimu ziletazo mvua) ya Afrika ilipokuwa na nguvu na mto Nile ukimwaga maji yasiyo na chumvi kwa wingi baharini. Maji hayo mepesi yalikaa juu ya maji ya chumvi kama kifuniko, oksijeni ikashindwa kufika chini, na mabaki ya planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini) yakazama bila kuoza yote.

Mwaka 1995 meli ya utafiti ya JOIDES Resolution ilichimba mashapo hayo. Seli za bakteria zilipohesabiwa, ndani ya sapropeli bakteria walikuwa wengi kuliko kwenye tope la rangi nyepesi la juu na chini yake, hata kwenye matabaka ya mamilioni ya miaka. Wanakula kile kile kilichozama zamani.

Lakini usidhani wanazaliana kwa kasi ya bakteria wa maziwa mgando. Mfano kutoka bahari nyingine: kwenye makaa ya mawe yaliyo kilomita 2 hivi chini ya sakafu ya bahari, karibu na Shimokita, Japani, vijidudu huchukua kuanzia miezi hadi zaidi ya miaka 100 kugawanyika mara moja.