Kabla ya kufunga mkanda, jiulize umefuata nini

Wanasema mchagua jembe si mkulima. Kwenye michezo ya kupigana mimi nimeona kinyume chake: asiyechagua hulima miaka miwili shamba lisilo lake. Najua, kwa sababu nililima.

Nilianza karate nikiwa na miaka 29. Kama ungeniuliza kwa nini, ningekujibu bila kusita: nataka kujihami. Lilikuwa jibu la heshima tu. Ukweli ni kwamba kazi yangu ilikuwa ya kukaa kutwa, kitambi kilikuwa kimeanza kuchungulia, na nilikuwa nimehamia mahali nisipomjua mtu. Nilichokuwa nakitafuta ni jasho na watu wa kusalimiana nao. Lakini nani anaenda mlangoni kwa sensei, yaani mwalimu, kusema, "Nimekuja kwa sababu ya upweke"?

Kwa miaka miwili nilipiga ngumi na mateke hewani na kurudia kata, ile mifululizo ya mapigo unayokariri na kuifanya peke yako, mpaka nikaziota, na nilizipenda. Kisha rafiki mmoja aliyewahi kucheza mieleka akanikumbatia kwa utani, akanipiga mtama, nikajikuta nimelala chali bila kujua nimefikaje. Nikarudi nyumbani na hasira, nikawatangazia watu kwamba karate ni dansi.

Nilikosea, na kosa hilo nalisikia kila siku kwa wengine. Karate si kitu kimoja. Wapo wa Kyokushin, mtindo wa Masutatsu Oyama, wanaopigana mwilini kwa nguvu zote huku ngumi za usoni zikiwa marufuku. Wapo wanaocheza kwa pointi, ambapo ukigusa haraka na kwa ustadi unahesabiwa. Na wapo kama pale nilipokuwa, ambako hakuna aliyepigana na mwenzake hata siku moja. Jina lililoandikwa mlangoni lilikuwa lile lile. Kwa hiyo usiulize tu "ni mchezo gani?" Uliza: humu ndani, lini mtu anajaribu kwa dhati kunizuia nisifanye ninachokusudia?

Nikakimbilia ndondi. Kama shida yako ni pumzi na uzito, sijaona kinachoizidi. Dakika 3 za gunia zitakuonyesha ulivyo. Unajifunza mambo machache tu, ngumi nne tano na miguu, kwa hiyo unayajua mapema. Lakini nilipoanza sparingi, yaani kupigana na mwenzangu kwa mazoezi, nikawa narudi nyumbani na kichwa kizito, na kichwa ndicho kinachonilisha. Mguu huzoea kupigwa, ubongo hauzoei. Unaweza kupiga gunia na kuruka kamba maisha yako yote bila kupokea ngumi hata moja kichwani, na mwalimu mzuri hatakucheka. Wangu alinicheka, nikaondoka.

Nikaangukia judo, na naandika "nikaangukia" kwa makusudi, maana wiki za kwanza hatukufanya kingine ila kuanguka. Kidevu kifuani, mkono upige mkeka, pumua. Niliona ni upuuzi.

Jigoro Kano alianzisha judo Tokyo mwaka 1882 kutokana na jujitsu ya zamani, mapigano ya Kijapani ya kukamatana na kuangushana. Alichofanya ni kuziweka kando mbinu za kuumiza, zikabaki zile ambazo watu wawili wanaweza kufanyiana kwa nguvu zao zote na kesho wakarudi mazoezini. Mtu anaweza kudhani mchezo ukipunguziwa ukali unapoteza makali. Huku ni kinyume. Mbinu hatari unaifanya polepole na mwenzako akikubali. Mbinu salama unaijaribu mara hamsini kwa jioni moja dhidi ya mtu asiyetaka. Huyo asiyetaka ndiye anayekufundisha. Mazoezi hayo ya kushindana huru yanaitwa randori, na ndiyo yaliyonifunga pale.

Miaka kadhaa baadaye niliteleza kwenye ngazi zenye maji. Nilipofika chini kidevu kilikuwa kifuani na mkono umeshapiga sakafu, na sikuumia popote. Mpaka leo hiyo ndiyo mara pekee niliyojihami. Adui alikuwa ngazi.

Anayetaka kujihami kweli nitamwambia hivi: chagua popote wanaposhindana kwa dhati, iwe ndondi, judo, mieleka, Muay Thai (ndondi za Thailand zenye mateke) au jujitsu ya Brazil, na ubaki na pumzi za kukimbia. Kwenye kisu au bunduki sina mbinu ya kukuuzia, na mwalimu anayekuuzia kwa uhakika mkubwa nina shaka naye. Mfano wa upande wa pili ni aikido, mchezo wa Kijapani wa kugeuza nguvu za anayekushambulia: katika shule zake nyingi haina mashindano, na anayeangushwa anashirikiana na anayemwangusha. Anayetafuta utulivu na mwili mwepesi atafurahi sana pale. Anayetafuta ubabe atajidanganya.

Ndoto ikiwa ni medali, jibu ni fupi. Judo iliingia Olimpiki Tokyo mwaka 1964, na taekwondo, mchezo wa mateke wa Kikorea, imekuwa ikitoa medali kamili tangu Sydney mwaka 2000. Karate ilipata nafasi moja tu, kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na Paris 2024 haikuwamo. Mzazi alijue hilo kabla ya kumtia mtoto matumaini.

Umri nao una neno lake. Nikiwa na miaka 40 goti lilinikumbusha kwamba kutupwa si bure. Anayeanza akiwa na 50 ningempeleka kwenye jujitsu ya Brazil, ambako kazi kubwa iko chini sakafuni na ukikabwa unagonga mara mbili mnaanza upya, au kwenye taiji, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, kama anachotaka ni mizani ya mwili. Ila ajue mkanda mweusi wa jujitsu hiyo mara nyingi huchukua kama miaka 10. Ukiahidiwa mkanda mweusi kwa tarehe, funga viatu uende zako.

Kabla ya kulipa, nenda ukae pembeni utazame darasa zima. Usimtazame mwalimu anavyoruka. Mtazame mgeni aliyepangwa na mkongwe: anafundishwa au anafanywa gunia? Sikiliza mtu akisema ameumia anajibiwaje. Na pima umbali kutoka kwako, maana darasa la kawaida lililo jirani utalihudhuria, lile bora la mbali utalisifia.

Majuzi kijana mmoja aliniuliza achague lipi, akanipa sababu zote nzuri: nidhamu, kujiamini, kujihami. Nikamwuliza, "Jumanne jioni, umechoka, mvua inanyesha. Kitu gani kitakutoa nyumbani?" Akafikiri kidogo, akacheka kwa aibu. "Kupiga kitu kwa nguvu, kaka."

Nikampeleka kwenye ndondi.