Ndoa isiyo na mtoto ni ndoa kamili?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Naishi Mafinga, nina miaka saba kwenye ndoa ya kanisani na sijajaliwa mtoto. Mama mkwe anasema kazi yangu ni kujaza choo. Sasa ukoo unamshauri mume wangu aoe binti mwingine kijijini. Kwenye jumuiya kuna aliyeniambia hii ni adhabu ya dhambi za ujana. Je, ndoa yetu ni kamili?

Jibu: Milele amina, dada yangu. Ndiyo, ni kamili. Ilifungwa siku ile mlipopeana ahadi altareni, haikuwa inangoja leba. Kanuni ya 1084 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inatamka kwamba ugumba hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Ingekuwa shauri jingine kama ulijua tangu mwanzo ukamficha kwa hila ili akuoe. Huo ni udanganyifu, na una kanuni yake, ya 1098. Sioni hilo katika maelezo yako.

Kuhusu huyo binti: hata serikali haiko upande wa ukoo. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haigeuzwi kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wangali Wakristo. Basi hata zikitolewa ng'ombe ngapi, binti huyo hataolewa, atawekwa kinyumba tu. Wazazi wake waambiwe hivyo mapema.

Aliyekutajia adhabu asome Luka sura ya kwanza. Elisabeti na Zakaria wanaitwa wenye haki mbele za Mungu kwanza, ndipo tunaambiwa hawakuwa na mtoto.

Wengi watakupa mfano wa Hana, na mara nyingi wanaukimbilia mwisho wake, Samweli alipozaliwa. Mimi nataka uone miaka ile ya katikati. Mumewe, Elkana, alimwuliza kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Maneno matamu, lakini yeye watoto alikuwa nao tayari, kwa mke wake mwingine, Penina! Hana alikuwa analia peke yake. Na alipokwenda kusali, kuhani Eli akamdhania amelewa. (Sisi mapadri tusijifanye hatumo.) Hakuna mahali Mungu anamkemea kwa machozi yake, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kulia ni kukosa imani.

Sasa nikuulize: mume wako amepima? Hukusema. Tatizo laweza kuwa kwako, kwake, au kwenu wote, na kipimo cha mbegu za mwanaume ni chepesi kuliko vingi mnavyopitishwa wanawake. Waliokaa kikao bila majibu ya daktari wamehukumu bila ushahidi. Nendeni pamoja, Iringa au Mbeya, kwa daktari wa uzazi. Matibabu Kanisa linayabariki. Upandikizaji wa mimba ya maabara halikubali, hati ya Vatikano ya mwaka 1987, Donum Vitae, imeeleza hivyo. Mkitaka kuasili mtoto, anzieni Ustawi wa Jamii.

Mume akimchukua huyo binti, wewe hujatenda kosa: endelea kupokea Komunyo, na unayo haki ya kutengana naye. Ila usiondoke kwa maneno ya mawifi. Njoo kwanza parokiani pamoja na mume wako na msimamizi wenu wa ndoa; mama mkwe nitamfuata mwenyewe nyumbani kwake.