Jibu: Nimechelewa dozi ya pili ya homa ya ini, nianze upya?

Salaam dada wa Ujiji. Umeuliza mambo mawili: mumeo kakutwa na homa ya ini B, wewe ulichanjwa dozi moja kisha ikapita miezi mitatu, je, uanze upya? Na mtenganishe vyombo?

Usianze upya. Mimi nilichelewa hivyohivyo, niko Kibirizi kwenye biashara ya dagaa, nikaendelea na ya pili kisha ya tatu. Kachanjwe hata kesho. Ya tatu isipungue wiki 8 baada ya hiyo.

Lakini kwanza, ulipimwa kabla ya kuchanjwa? Kama hukupimwa, pima sasa, maana chanjo haimtibu aliyekwisha ambukizwa. Hadi umalize dozi zote tatu, tumieni kondomu. Mwezi mmoja au miwili baada ya ya mwisho, omba kipimo cha kinga.

Vyombo acheni, naomba sana. Virusi hivi haviambukizi kwa sahani wala kupeana mikono. Nyumbani kwetu kaka alitengewa kikombe, akanyamaza kabisa, na hilo linaniuma hadi leo. Tenganisheni nyembe, miswaki na vikata kucha, kwani damu iliyokauka huweza kubaki na virusi hai siku 7.

Watoto je? Chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002, hivyo angalia kadi zao za kliniki. Wakubwa waliozaliwa kabla ya hapo, wote wapimwe.