Eti Alexander Pope aliandika tathnia?

Msomaji kauliza: "Shikamoo mwalimu, naandaa maelezo ya Alexander Pope, yule mshairi wa Uingereza wa mwanzoni mwa karne ya 17, mashairi yake yanaenda mishororo miwili miwili yenye kina kimoja, je naweza kusema ni tathnia? Mwenzangu anabisha."

Marahaba. Hiyo karne kwanza. Pope alizaliwa 1688 na shairi lake la kuhusu uhakiki lilitoka 1711, na 1711 ni karne ya 18 bwana, hizo tarakimu mbili za mwanzo zinawateleza wengi.

Sasa tathnia. Mwenzako ana hoja. Tathnia ni jina la ubeti, yaani ubeti wa mishororo miwili, unaisha, unaruka nafasi, unaanza mwingine, kama vile tathlitha ni wa mitatu na tarbia minne. Pope hakati beti namna hiyo, anashusha tu mishororo mfululizo kurasa na kurasa, miwili hii ina kina chake, miwili inayofuata kingine, wakati huohuo huku kwetu Utenzi wa Tambuka (nakala yake ina tarehe ya 1728) unajifunga kila baada ya mishororo minne kwa kina cha bahari, yaani kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti. Kwa hiyo kwa Pope mi ningesema "jozi za mishororo", au "vina vya jozi", msomaji anakuelewa palepale.

Halafu kuna hili la vina ndo tamu zaidi. Katika The Rape of the Lock, lile shairi la bwana aliyemkata binti kishungi cha nywele (1712, akaliongeza 1714), Pope anamtaja Malkia Anne na anafunga mshororo mmoja kwa "obey" na unaofuata kwa "tea". Ukisoma kwa Kiingereza cha leo unaona kateleza, kumbe enzi zile wengi walikuwa wanaitamka chai "tei", basi "obei" na "tei" zikalingana vizuri tu. Lakini kwa sikio la kwetu bado, maana kina cha Kiswahili ni silabi nzima, konsonanti na vokali yake, "paka" inaenda na "taka", "pata" haiingii hapo, Waingereza wanajali kuanzia vokali na kuendelea, konsonanti ya mbele hata ikiwa tofauti poa, tena ndo wanavyotaka. Kwa hiyo ukiandika "vina" ongeza kasentensi kamoja kueleza hilo, la sivyo mtu aliyezoea tarbia atahesabu na kukwambia Pope hana vina kabisa.

Mizani, yaani silabi, ni 10 kwa kila mshororo mara nyingi, ila usitafute ukwapi na utao (vile vipande viwili vya mshororo), wao wanafuata mkazo wa sauti. Na jamani, ubeti mmoja, beti nyingi, usiandike "beti moja".