Jibu: Dopamini na vitamini C kutoa kilele kimoja

Mkuu, umeuliza kwa nini elektrodi yako ya kaboni inatoa kilele kimoja tu (mwinuko mmoja wa mkondo wa umeme kwenye grafu) wakati sampuli ina dopamini (kemikali ya kupasha habari kwenye ubongo) na vitamini C. Hivyo viwili huoksidika (hupoteza elektroni) kwenye volteji zinazokaribiana mno, basi vinafunikana. Paka elektrodi utando mwembamba wa Nafion, aina ya plastiki. Kwenye pH 7.4 dopamini ina chaji chanya, askobati (vitamini C ilivyo kwenye pH hiyo) ina chaji hasi; Nafion nayo ni hasi, kwa hiyo inaivuta dopamini na kuisukuma askobati nje. Ila usipake nene! Niliwahi kudondosha matone mawili badala ya moja, mkondo ukashuka na kipimo kikawa kizito kuitika. Na kabla ya kupaka, kama elektrodi si ile iliyochapishwa kwa wino wa kaboni, isugue kwa unga wa alumina wa mikromita 0.05 mpaka ing'ae, kisha isuuze.