Farasi wa Barua Enzi za Malkia Victoria: Maswali ya Wasomaji

Swali: Je, farasi waliovuta magari ya barua Uingereza walikuwa mali ya Posta?

Jibu: La. Posta ilimwajiri mlinzi aliyesafiri na mifuko ya barua, huku saa yake ikipima kila kituo, lakini farasi na saisi walikuwa wa wakandarasi. Mmoja wao, William Chaplin wa London, alimiliki farasi zaidi ya 1,000. Aliyeamuru mwendo hakuwa yule aliyemlisha mnyama, na kwa maoni yangu mateso mengi yalianzia hapo.

Swali: Mnyama mmoja alidumu kazini muda gani?

Jibu: Zamu yenyewe ilikuwa fupi, kilomita 16 hivi, kisha farasi wote wanne wakabadilishwa kwa dakika chache. Hata hivyo, umbali huo ulikimbiwa kwa muda wa saa moja hivi, usiku na mchana, katika matope na barafu, kupanda na kushuka vilima, huku gari likibeba abiria pamoja na barua. Farasi wa njia za kasi, aliyenunuliwa akiwa na nguvu zake zote, kwa kawaida alikuwa amechakaa baada ya miaka mitatu au minne, akauzwa kwa bei ndogo akavute mizigo mingine. Naona uchungu kwamba hesabu hiyo ilijulikana tangu siku ya kumnunua.

Swali: Hapakuwa na sheria ya kuwalinda?

Jibu: Ilikuwapo. Sheria ya mbunge Richard Martin ilipitishwa mwaka 1822, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kikaundwa mwaka 1824, na sheria ya mwaka 1849 ikaweka faini ya hadi pauni 5 kwa anayempiga mnyama kikatili au kumkimbiza kupita kiasi. Lakini mjeledi wa saisi ulionekana barabarani. Ratiba iliyomharakisha haikuonekana.

Swali: Reli haikuwapumzisha?

Jibu: Kwa sehemu tu. Barua zilianza kupanda treni mwaka 1830 kati ya Liverpool na Manchester, na kufikia mwaka 1846 magari ya barua ya masafa marefu yalikuwa yametoweka London, ingawa mifuko iliendelea kuvutwa na farasi kati ya stesheni na ofisi za posta. Huduma ya vifurushi ilipoanza mwaka 1883, kampuni za reli zilipewa asilimia 55 ya mapato ya vifurushi vilivyopita kwao. Ili kuikwepa gharama hiyo, mwaka 1887 Posta iliwarudisha farasi barabarani, usiku kucha, kutoka London hadi Brighton.